Fremu za meno za kuprintiwa: angalia kishikizo kwanza

Siku hizi ukizunguka maabara za meno hapa Nairobi utasikia sana fremu za kuprintiwa, yaani zile fremu za chuma za meno bandia ya kuvaa na kutoa, zinazotengenezwa kwa mashine ya 3D, na wagonjwa wanauliza kitu kimoja tu, hii itadumu ama itanivunjikia mdomoni? Ni swali la maana, lakini ili kupata jibu wengi wanataka kujua mashine ni ya nchi gani na mimi nawaambia waangalie kile kimkono chembamba kinachoshika jino, yaani kishikizo, kwa sababu hapo ndio huvunjika.

Fremu inatengenezwa hivi: poda ya metali za kobalti na kromu inatandazwa juu ya sahani ya mashine, leza inayeyusha pale panapotakiwa, sahani inashuka, poda ingine, leza tena, kila tabaka mikroni 20 hadi 50 hivi (mikroni 1,000 ni milimita moja). Chuma kinapoa haraka sana kwa hivyo chembe zake zinakuwa ndogo ndogo, na ndio maana ukikivuta kwa mashine ya kupima mara nyingi kinashinda kile kilichoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu. ISO 22674, kiwango cha kimataifa cha metali za meno, inataka aina ya 5, ile ya sehemu nyembamba kama vishikizo, ifike nguvu ya megapaskali 500 na hapo hakuna shida. Lakini hicho ni kipimo cha kuvuta mara moja tu mpaka kikatike, na mdomoni mambo hayaendi hivyo kabisa.

Mtu akivaa na kutoa meno mara 4 kwa siku, kila mara kishikizo kinapanuka kidogo kupita tumbo la jino halafu kinarudi, hiyo ni karibu mara 1,460 kwa mwaka, miaka 5 imeshapita 7,000. Chuma kinachoka jamani! Kama kati ya tabaka kulibaki katundu ama poda haikuyeyuka vizuri, ufa unaanzia hapo na unatembea polepole bila wewe kujua, mpaka siku unayatoa uyaoshe unapata kishikizo kimekatika.

Sasa kwa mafundi wenzangu, tafadhali msiharakishe tanuri. Leza inaacha mkazo mwingi ndani ya chuma, ukiikata fremu kwenye sahani kabla haijachomwa inajikunja na haitakaa vizuri mdomoni. Ichomwe kwanza ikiwa bado kwenye sahani, kwa joto aliloandika mwenye poda, kuna wanaosema digrii 800 na kuna wanaopita 1,100, usibahatishe. Pia ukiipanga kwenye programu hakikisha tabaka hazikatizi kishikizo pale kinapopinda zaidi, kisha upolishi vizuri kabisa, kwa sababu uso wenye mikwaruzo ni mwanzo wa ufa.

Na wewe mgonjwa, meno yakilegea usiyakaze nyumbani na plaisi hata kama ni kidogo tu, kobalti na kromu haivumilii kukunjwa kunjwa, rudi kliniki uliyotengenezewa na uulize kama fremu yako ilipitia tanuri.