Lebo moja iliyotupandishia bili ya kufuatilia seva

Tarehe 1 asubuhi mhasibu wetu alikuja hadi mezani kwangu akiwa ameshika simu. Ni mama wa makamo ambaye hana mazoea ya kupandisha sauti, na siku hiyo pia hakuipandisha. "Kijana, kadi ya ofisi imekatwa dola 2,870 usiku. Wameandika ni ya kuangalia seva. Si huwa ni 410?"

Nikamjibu, "Ndiyo, mama, huwa ni 410. Nipe leo niangalie." Kwa shilingi 129 kwa dola, tulizoea kulipa kama 53,000 kwa mwezi. Sasa zilikuwa zimeondoka 370,000, na katika ofisi ya watu 11 hizo ni mishahara ya watu.

Tuko kando ya Ngong Road, Nairobi. Tunatengeneza programu ambayo wenye maduka ya mtaani huitumia kuagiza unga, mafuta na sabuni kutoka kwa wauzaji wa jumla, kisha wanalipa kwa M-Pesa. Maduka yaliyosajiliwa ni 6,400. Mfumo wote unaendeshwa na seva 8 za kukodi, na hali yake tunaifuatilia kupitia huduma ya wingu inayotoza kwa kadiri ya matumizi. Kazi ya kuisimamia ni yangu. Nilikuwa nimeidhinisha bili hiyo miezi mingi bila kuketi nikajua inahesabiwaje.

Stima ya nyumbani kwangu ni ya tokeni. Zikiisha taa zinazima, na hasara inaishia hapo. Huduma hizi hazikati. Zinapokea chochote unachotuma, na hesabu unaletewa mwezi ukiisha. Katika mkataba wetu mita ni tatu. Kila seva inayofuatiliwa ni dola 15. Kila gigabaiti ya logi, yaani yale maandishi ambayo programu huandika kila inapofanya jambo, ni nusu dola. Halafu kuna vipimo, yaani namba zinazoonyesha hali ya mfumo, navyo havihesabiwi kimoja kimoja kama nilivyodhani, bali kwa mifululizo. Mfululizo ni mstari mmoja wa namba zinazorekodiwa kadiri muda unavyokwenda, na kila mifululizo 1,000 ni dola 5. Nilipofungua ukurasa wa matumizi, seva zilikuwa dola 120 kama siku zote. Logi zilikuwa zimepanda kutoka 190 hadi 346. Mifululizo ilikuwa imetoka dola 100 hadi 2,404.

Hapo penye mifululizo ndipo watu wengi wanapoumia, kwa hiyo nitapaeleza polepole. Tulikuwa na kipimo kimoja cha muda ambao ombi la mteja huchukua. Ukikisoma ni jina moja tu. Lakini muda huo hugawanywa katika vipande 10 ili ujue maombi mangapi yaliisha chini ya milisekunde 50, mangapi chini ya 100, na kuendelea. Ongeza jumla ya muda na idadi ya maombi, unapata mifululizo 12. Kisha kila lebo unayobandika, yaani alama ya kukigawa kipimo kwa makundi, inazidisha, kwa sababu kila mchanganyiko wa makundi unapata mifululizo yake. Tulikuwa na lebo ya njia ya programu, yaani sehemu iliyoombwa, ambazo ni 14, na lebo ya jibu lililotoka, ambayo ina aina 5. Mara 12, hiyo ni mifululizo 840 kwa wingi wake. Hakuna shida.

Tarehe 11 ya mwezi uliopita mwenzetu mmoja aliongeza lebo ya tatu: namba ya duka. Sababu yake ilikuwa nzuri kabisa. Mama mmoja mwenye duka Kayole alikuwa amepiga simu mara tatu akilalamika kwamba ukurasa wa kuagiza unachukua muda mrefu kufunguka, na kwenye grafu zetu kila kitu kilionekana kiko sawa, kwa sababu tulikuwa tunaona maduka yote yakiwa yamechanganywa. Mwenzangu alitaka kuliona lile duka peke yake. Huduma huhesabu michanganyiko iliyotokea kweli tu, si yote inayowezekana, na kila duka kwa kawaida hugusa michanganyiko kama 6 ya njia na jibu. Basi 6 mara 12 mara 6,400: mifululizo 460,800 kutoka kwa kipimo kimoja. Vipimo vyetu vingine vyote kwa pamoja vilikuwa kama 20,000.

Nikafanya kosa jingine ambalo pia lilitugharimu. Siku ile ile nilifuta dashibodi, yaani ukurasa wa grafu, iliyokuwa ikionyesha maduka, nikafuta na tahadhari zake, nikamwambia mama mhasibu kwamba tatizo limekwisha. Nilirudi nyumbani nikiamini hivyo. Kumbe huduma haitozi kwa unachotazama, inatoza kwa unachotuma, na programu yetu ilikuwa bado inatuma. Jioni ya tarehe 2, nilipoona mstari wa matumizi haujashuka hata kidogo, ndipo nilipoanza kuusoma mkataba neno kwa neno.

Kuna kifungu pale ambacho ningependa kila anayeshughulika na mambo haya akitafute katika mkataba wake: wanachukuaje idadi ya mifululizo ya mwezi? Baadhi ya kampuni hupiga wastani wa saa zote. Nyingine, na yetu ni mojawapo, hupanga saa zote za mwezi kutoka ya juu hadi ya chini, huondoa asilimia 5 za juu, kisha hutoza kwa saa ya juu inayobaki. Mwezi wa siku 30 una saa 720, na asilimia 5 yake ni saa 36. Maana yake, mfumo wako ukipandwa na wazimu kwa siku moja, umesamehewa. Ukizidi saa 36, unalipa kana kwamba ulikuwa hivyo mwezi mzima. Na mwezi wao unafuata saa za dunia, ambazo ziko nyuma ya Nairobi kwa saa tatu, kwa hiyo mwezi mpya ulikuwa umeanza kwetu saa tisa usiku wa kuamkia tarehe 1. Msamaha wetu uliisha saa tisa alasiri ya tarehe 2. Mimi niliiondoa ile lebo saa nne asubuhi ya tarehe 3. Kwa kuchelewa saa 19, tulikuwa tayari tumeandikiwa bili ya pili.

Kuiondoa kwenyewe hakukuwa kugumu. Vipimo vyetu hupitia kikusanyaji cha OpenTelemetry, programu huria ya kukusanya na kupeleka data za aina hii, kabla havijatoka kwenda nje, na hapo niliandika kanuni fupi ya kuifuta lebo ya duka na kujumlisha kilichobaki. Ni muhimu kukata upande wako. Ziko huduma zinazokuruhusu kuchuja data ikishafika kwao, lakini mara nyingi ada ya kuipokea inakuwa imeshahesabiwa. Mahali pa namba ya duka niliweka lebo ya eneo: Kayole, Githurai, Kawangware na kadhalika, maeneo 9 kwa jumla. Hata michanganyiko yote ikitokea, haizidi mifululizo 7,560.

Nilijaribu pia kupunguza kasi, vipimo vitumwe kila sekunde 60 badala ya 15. Haikubadilisha kitu kwa mkataba wetu, kwa sababu mfululizo ni mfululizo hata ukituma mara moja kwa dakika. Ingesaidia kwa kampuni zinazotoza kwa kila sampuli, yaani kila namba moja inayotumwa, maana mfululizo mmoja wa kila sekunde 15 unatuma sampuli 172,800 kwa siku 30, na wa kila dakika unatuma 43,200.

Logi zilinifunza jambo jingine. Nilikuwa na hakika kwamba zilizojaza ni ile mistari ya kuuliza kontena, yaani vifurushi ambamo programu huendeshwa ndani ya seva, kama ziko hai, kwa sababu ndiyo iliyotapakaa kwenye skrini. Nikapiga hesabu: kontena 40, kila sekunde 5, ni mistari 691,200 kwa siku. Lakini mstari mmoja ni kama baiti 300, kwa hiyo mwezi mzima ni gigabaiti 6 na kidogo, dola 3. Kilichokula ni kingine. Wakati wa kumtafutia yule mama wa Kayole tatizo lake, mtu aliwasha uandishi wa kina na haukuzimwa, na kila ombi la malipo lilikuwa likiandikwa lote, pamoja na orodha nzima ya bidhaa. Ziada ilifika gigabaiti 312. Kilichonisumbua zaidi ya pesa ni kwamba humo ndani mlikuwa na namba za simu za wateja wetu, zikitumwa nje ya nchi bila sababu yoyote, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 ipo. Siku hiyo hiyo nilizima uandishi wa kina, nikaondoa namba za simu kwenye logi, na tukaomba zile za zamani zifutwe. Sasa makosa yote tunayahifadhi, na katika maombi yaliyofaulu tunabakiza moja kwa kila 20.

Niliiandikia kampuni, nikawaeleza yote pamoja na grafu inayoonyesha saa lebo ilipoingia na ilipotoka. Bili ya kwanza hawakuigusa. Ya pili, ambayo ilikuwa dola 2,624, waliturudishia 1,500 kama salio. Walitaka pia tufunge mkataba wa mwaka kwa bei nafuu. Nilikataa kwa wakati huo, kwa sababu ungepimwa kwa miezi ile iliyovurugika.

Sasa kila asubuhi saa mbili ujumbe unaingia kwenye grupu letu la WhatsApp wenye namba mbili: mifululizo ya jana na gigabaiti za logi za jana. Ikizidi 40,000 au gigabaiti 16, mimi ndiye ninayeamka nayo. Mama mhasibu naye yumo kwenye grupu hilo, na Jumatatu zote mbili ambazo ujumbe ulichelewa, yeye ndiye aliyeuliza kwanza. Bili ya tatu ilikuja dola 355.

Namba ya duka tuliihamishia kwenye logi, ambako huongeza baiti chache tu kwa kila mstari. Nilitafuta duka lile la Kayole, na katika dakika chache jibu lilikuwa mbele yangu. Huyo mama amekuwa nasi tangu mwanzo, na ukurasa wake ulikuwa unafungua historia yote ya oda zake kila mara kabla ya kumwonyesha bidhaa. Tuliufanya ulete oda 20 za mwisho tu. Nilimpigia simu mwenyewe kumwomba ajaribu, nikamsikia akiagiza mafuta nikiwa bado kwenye laini.