Ziwa Tanganyika si bahari: yanayowasumbua wazamiaji Kigoma

Mtu aliyezoea kuzamia kwa mtungi wa hewa Mafia au Zanzibar akifika Kigoma huona maji yametulia na mawe yanaonekana mpaka chini, akadhani mambo ni yale yale. Anafunga mkanda ule ule wa risasi, yaani vipande vya madini ya risasi vya kumsaidia kuzama, na kufuata ratiba ile ile. Usumbufu unaanzia hapo. Ziwa hili halina chumvi ya bahari, na uso wake uko takriban mita 773 juu ya usawa wa bahari. Mambo hayo mawili yanabadilisha hesabu karibu zote.

Tuanze na risasi, maana ndiyo kosa ninaloliona zaidi. Maji ya bahari ni mazito kuliko ya ziwa kwa karibu asilimia 2.5, kwa hiyo humwinua mtu zaidi. Mzamiaji ambaye yeye na vifaa vyake vyote, mtungi ukiwemo, ana kilo 100, ziwani anahitaji risasi pungufu kwa kilo 2 na nusu hivi. Kama baharini alifunga kilo 8, hapa aanzie 5 au 6. Aking'ang'ania zile 8, itabidi ajaze kwenye jaketi lake la kuelea lita mbili na nusu za hewa ili kufidia uzito asiouhitaji, na hewa hiyo haitulii. Akipanda kidogo inatanuka na kumvuta juu, akishuka inabanwa na kumwangusha. Ndiyo maana unamwona mtu anabonyeza kujaza, anabonyeza kutoa, muda wote, na mtungi wake unakwisha mapema kuliko wa mwenzake.

Kipimo ni rahisi. Ukiwa majini na vifaa vyote, regyuleta (kifaa cha kuvutia hewa ya mtungi) mdomoni, toa hewa yote kwenye jaketi, jaza mapafu kwa pumzi ya kawaida, kisha tulia bila kupiga miguu. Maji yakufikie usawa wa macho. Ukitoa pumzi uzame taratibu. Kama mtungi umejaa, ongeza kilo 2, kwa sababu hewa utakayoivuta nayo ina uzito: mtungi wa lita 12 ukishuka kutoka mgandamizo wa baa 200 hadi 50 unakuwa mwepesi kwa kilo 2 na ushei. Asiyeongeza hugundua mwishoni, pale mita 5, anapotakiwa kusimama dakika 3 kwa usalama kabla ya kutoka, na mwili haukubali kubaki chini.

Uzito ukizidi kiunoni, miguu huning'inia na mapezi uliyovaa miguuni hupiga mchanga. Hapa Tanganyika hilo linaniuma kuliko hewa iliyopotea. Katikati ya mawe kuna makombe matupu ya konokono yaliyokusanywa mahali pamoja. Dume la samaki aitwaye Lamprologus callipterus huyabeba kwa mdomo, moja moja, na majike hutagia humo. Pigo moja la pezi linalifukia kombe, na vumbi lake linawaziba macho wote walio nyuma yako.

Masikio: zibua kabla hayajauma. Bana pua, puliza polepole, rudia kila nusu mita katika mita chache za kwanza, maana humo ndimo mgandamizo unapobadilika haraka zaidi kwa uwiano. Likigoma, panda mita moja ujaribu tena. Usipulize kwa nguvu. Mwenye mafua abaki botini, hata kama amemeza dawa ya kufungua pua. Dawa ikiisha nguvu ukiwa chini, hewa hunaswa ndani wakati wa kupanda.

Miwani mpya inayofanya ukungu isuguliwe kwa ndani na dawa nyeupe ya meno mara mbili au tatu, kisha mate kabla ya kila mzamo. Inayovuja, angalia nywele chini ya mpira kabla ya kukaza mkanda. Kukaza sana ndiko kunakoikunja ikavuja zaidi.

Sasa urefu kutoka usawa wa bahari. Kanuni za kawaida za kuzamia zinahesabu mahali popote panapozidi mita 300 kuwa ni juu. Hewa ya Kigoma ni nyepesi kuliko ya pwani, kwa hiyo ukipanda juu ya maji, naitrojeni iliyomo mwilini hupata nafasi kubwa zaidi ya kutengeneza mapovu. Kompyuta za mkononi za kuzamia, zinazohesabu kina na muda, nyingine hujirekebisha zenyewe, nyingine hungoja uziwekee. Washa yako nchi kavu, uhakikishe imesoma urefu. Panda kwa kasi isiyozidi mita 9 kwa dakika, na ukitoka Dar es Salaam subiri saa 6 kabla ya mzamo wa kwanza.

Kuhusu kichocho, tusidanganyane: kipo. Konokono wake hupenda ufukwe wenye majani na maji yaliyotulia, kwa hiyo ingia majini kutoka kwenye boti, mbali na ufukwe, kisha ukapime baada ya miezi miwili au mitatu. Midomo ya mito, Malagarasi hasa, iache kwa ajili ya mamba. Beba kisu kifuani, mahali ambapo mikono yote miwili inafika, kwa sababu nyavu zilizokatika hunasa kwenye mawe na hazionekani mpaka zimeshika valvu ya mtungi.

Kosa la mwisho hutokea nje ya maji. Kupanda mahali pa juu zaidi baada ya kuzamia huleta mapovu yale yale. Wengi wanajua kuogopa ndege, lakini wanasahau treni. Tabora iko zaidi ya mita 400 juu ya ziwa, na barabara ya Kasulu nayo inapanda. Kwa aliyezamia mara kadhaa, ninashauri ahesabu safari hizo kama ndege: saa 18. Ukitoka majini Jumamosi saa nane mchana, usiondoke kabla ya Jumapili saa mbili asubuhi. Viungo vikiuma au ngozi ikifa ganzi, dalili za mapovu hayo, dawa ya kwanza ni oksijeni safi, na chumba cha tiba ya mgandamizo kiko mbali sana na Kigoma. Kwa hiyo kabla hujalipia boti, omba uonyeshwe mtungi wa oksijeni, fungua valvu, usome geji mwenyewe.