Usiku Tuliotaka Kuvuka Ziwa

Maneno ya tabibu yalikuwa ya kweli, na hilo napenda lieleweke kabla sijaeleza yaliyotokea usiku ule kisiwani Ukara, katika Ziwa Victoria. Mdogo wangu alikuwa akisaidiana na wenzake kupandisha boti ya dagaa ufukweni, magogo ya kuiviringishia yakateleza, na boti ikamlalia mguu wa kulia chini ya goti. Mfupa ulivunjika. Ngozi haikupasuka, lakini mguu ulivimba tukiutazama, na tulipomfikisha kwenye zahanati jua lilikuwa limekwisha kuzama na upepo umeanza kulichafua ziwa.

Tabibu, kijana mpole ambaye bado namheshimu, alimpa dawa ya maumivu, akaupapasa mguu taratibu, kisha akatugeukia sisi ndugu: "Mkichelewa kumfikisha hospitali, anaweza kupoteza mguu."

Hospitali maana yake ilikuwa kuvuka maji hadi Bugolora, kwenye kisiwa cha Ukerewe, na kutoka hapo kutafuta gari la kwenda Nansio. Hakuna aliyeuliza kuchelewa ni kwa muda gani, saa mbili au siku mbili. Hakuna aliyeuliza uwezekano huo wa kupoteza mguu ni mkubwa kiasi gani, wala kama kuna dalili ambayo ingetuambia kwamba hali inageuka. Mama alishika kichwa, baba mdogo akatoka mbio kumwita nahodha, na vijana wawili wakaenda kutafuta petroli. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni, moyo unanidunda hadi masikioni, na akilini mwangu kulikuwa na picha moja tu, ya mdogo wangu akitembea kwa magongo.

Kinachonishangaza hadi leo ni kwamba sisi si watu wa kuambiwa hatari ya ziwa. Mwaka 1996, mwezi Mei, MV Bukoba ilizama ikiwa imekaribia kabisa kufika Mwanza, na mamia ya watu wakafa. Tarehe 20 Septemba 2018 MV Nyerere ilipinduka ikiwa karibu na gati la hapahapa Ukara, ikaua zaidi ya watu 220, na usiku ninaousimulia ulikuwa miaka michache tu baada ya msiba huo. Baba mdogo alikuwa hapandi chombo kilichojaa hata mchana wa jua kali. Lakini jioni ile ndiye aliyekuwa akihimiza kuliko wote. Nahodha alipoyatazama maji akasema kwamba mawimbi yale hayapendi, baba mdogo alimjibu, "Kwa hiyo tukae hapa tumsubiri mtoto akatwe mguu?" Baada ya kauli hiyo nahodha hakubisha tena. Tungeingia watu saba katika boti moja, gizani, na mgonjwa asiyeweza kuogelea hata hatua moja.

Wakati huo akafika nesi wa zahanati, mama wa makamo ambaye hakuwa zamu, akiwa na tochi mkononi na khanga mabegani. Hakumpinga tabibu wala hakutukemea. Alipiga magoti, akaufungua mguu hadi vidole vikaonekana vyote, akabonyeza ukucha wa kidole gumba mpaka ukawa mweupe, kisha akauachia, na sote tukaona wekundu ukirudi mara moja. Akarudia kwa kila kidole. Akamwambia mdogo wangu afumbe macho ataje kidole anachoguswa, naye akavitaja bila kukosea. Ndipo aliposema, bila kupandisha sauti: "Mama, mguu huu uko hai. Damu inafika mpaka kwenye vidole. Tukiufunga kwa mbao bila kuukaza na kuuangalia kila nusu saa, una nafasi nzuri ya kufika asubuhi ukiwa hai, na nyinyi nyote mkiwa hai."

Kisha akaongeza jambo ambalo naona lilikuwa na uzito kuliko yote. Alisema kwamba vidole vikipoa, au mgonjwa akiacha kuvihisi, au maumivu yakizidi kupanda ilhali mguu umetulia, tutaondoka saa ileile, hivyo nahodha asilale mbali na petroli isirudishwe.

Hali ya mguu ilikuwa ileile aliyoiona tabibu. Hata hivyo, baba mdogo alikaa chini kwa mara ya kwanza tangu magharibi, na nahodha akauliza swali ambalo hakuna aliyekuwa ameliuliza: upepo huu kwa kawaida hutulia saa ngapi?

Miaka kadhaa baadaye, nikijiandaa kufundisha, nilisoma kuhusu jaribio ambalo wanasaikolojia Amos Tversky na Daniel Kahneman walilichapisha mwaka 1981. Watu waliambiwa kwamba ugonjwa unatishia kuua watu 600, wachague kati ya mipango miwili. Walipoelezwa kwamba mpango wa kwanza utaokoa watu 200 kwa hakika, na wa pili ni bahati nasibu ya kuokoa wote au kutookoa yeyote, asilimia 72 walichagua uhakika. Kundi jingine lilipewa mipango ileile kwa lugha ya vifo, kwamba wa kwanza utaacha watu 400 wafe, na asilimia 78 wakakimbilia bahati nasibu. Mwaka 2009 Anthony Porcelli na Mauricio Delgado walionyesha, kwa kuwatumbukiza watu mkono katika maji ya barafu kabla ya kuwapa kamari za fedha, kwamba msongo huongeza mwelekeo huohuo: mbele ya hasara watu huthubutu zaidi, na mbele ya faida hujihadhari zaidi. Nilipofika hapo nilifunga kitabu nikamkumbuka baba mdogo pale mlangoni, na jasho lake.

Tuliondoka saa 11 alfajiri, ziwa likiwa limetulia. Mdogo wangu alifungwa hogo, na leo anachechemea kidogo wakati wa baridi. Baba mdogo bado anashikilia kwamba tulibahatika, kwani upepo ungeweza kuvuma siku mbili, na sijawahi kumwambia kwamba amekosea. Ninachomkumbusha ni kwamba usiku kucha tulipokezana tochi, tukibonyeza ukucha baada ya ukucha, na kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akituamsha kila nusu saa ilipotimia, tayari kuiingiza boti majini iwapo wekundu ule ungechelewa kurudi.