Zipu 22 za zambarau na neno moja la Paulo

Bwana Yesu asifiwe wapendwa, poleni na majukumu. Tafakari ya wiki hii imechelewa mtanisamehe, umeme ulikatika simu ikazima, ila nisidanganye, hata ingekuwa na chaji sikuwa na cha kuandika maana toka Jumanne nilikuwa nimenuna.

Mnajua mi ni fundi cherehani. Kuna watu walinipa oda ya sare za kwaya, magauni 22, nikaona aibu kudai kianzio kwa vile ni watu wa Mungu (hapo nilikosea, mume wangu ashanisema vya kutosha), nikanunua uzi na zipu kwa hela yangu, Jumanne wananipigia wamepata fundi mwingine wa bei nafuu. Basi. Zipu 22 ziko hapa mezani kwenye mfuko wa kaki, zambarau iliyokolea, na sijui mteja gani mwingine atakuja na kitambaa cha rangi ile.

Sasa Alhamisi usiku nikafungua Wafilipi, ile barua ya Paulo kwa kanisa la Filipi, kwanza nikacheka mwenyewe, maana mtu wa kwanza kumpokea Paulo pale Filipi ni Lidia, na Lidia alikuwa anauza nini? Rangi ya zambarau! Matendo 16 hiyo. Nikasema dada Lidia ungekuwepo ungeninunulia hizi zipu.

Alafu nikafika sura ya 4 mstari wa 11, "nimejifunza kuwa radhi na hali yo yote niliyo nayo". Nimeusoma mstari huo miaka mingi, jicho langu likawa linaenda kwenye "kuwa radhi", na nikiona sina huo uradhi najiona mkristo feki. Safari hii nikakwama kwenye "nimejifunza". Paulo hasemi alizaliwa mpole, wala hasemi aliombewa siku moja akaamka ameridhika, anasema kajifunza. Mtu wa kutokewa njiani Dameski kabisa, na hili ikabidi ajifunze kama sisi.

Na mi kujifunza nakujua. Nilipoenda kwa fundi wangu pale Mwanjelwa miezi miwili ya kwanza sikushona kitu, kazi yangu ilikuwa kufumua. Ananipa gauni lililokosewa na wembe, nafumua mshono uzi kwa uzi bila kuchana kitambaa, nikichana nalipa. Nililia sana. Kumbe ndo nilikuwa naona mshono umekaaje kwa ndani, leo nikishika nguo najua fundi wake alikimbilia wapi. Sasa nikajiuliza, je hii Jumanne yangu Mungu si alikuwa ananipa wembe tu nifumue kitu? Sisemi yeye ndo kawaambia wale watu wavunje oda, hapana, hilo ni lao na nitawaambia nikitulia. Nasema nimeketi nalo, basi nijifunze nalo.

Ila angalieni Paulo alijifunza pande zote mbili, kushiba na kuona njaa, kuwa na vingi na kupungukiwa. Hapo kwenye vingi huwa tunaparuka, nani anahitaji somo la kushiba jamani? Mi nalihitaji. Mwaka nilipata oda ya sare za shule, hela niliyoshika sijawahi kushika kabla wala baada, na ndo mwaka niliolala vibaya kuliko yote, nahesabu usiku, naona jirani kanunua mashine ya ovaloki nami naitaka, kila anayenisalimia nahisi anataka kukopa. Nilikuwa na hela na roho imekauka kabisa. Kwa hiyo sio kwamba zile sare za kwaya zingenipa furaha, zingenilipia kodi ya fremu tu.

Na ule mstari wa 13, "Nayaweza mambo yote katika yeye anitiaye nguvu", tunaubandika kwenye bajaji na bodaboda kama vile ni wa kushinda mtihani na kupata kiwanja. Usome na wa 12 uone "mambo yote" yenyewe ni yapi, na njaa imo humo.

Tena wapendwa tusidhani mtu mwenye furaha ya Bwana halii. Barua hiyohiyo sura ya 2, Epafrodito aliyempelekea Paulo msaada aliumwa karibu kufa, Paulo anasema Mungu alimhurumia "nisipate huzuni juu ya huzuni". Kwa hiyo huzuni moja alikuwa nayo tayari! Yuko kwenye minyororo, ana huzuni, na anaandika furahini. Na kati ya waliokuwa wanasomewa barua huenda yumo yule mlinzi wa gereza la Filipi aliyewafunga Paulo na Sila miguu kwenye mkatale, nao wakaimba usiku wa manane wakati migongo ina vidonda vya fimbo. Huyo akisikia "furahini" hawezi kusema Paulo anaongea tu, alimwona.

Jana sasa. Mama jirani kasikia habari ya oda, si unajua mtaa, akaja na bakuli la kande zimewekwa na parachichi juu. Mdomo ukanitoka, "asante mama, sisi tumeridhika tu, wape watoto". Nikajiona wa kiroho kweli. Usiku narudia kusoma nakutana na mstari wa 14, palepale baada ya kusema anayaweza mambo yote Paulo anasema "lakini mlifanya vema, mliposhiriki nami katika dhiki yangu". Kumbe aliyejifunza kuwa radhi anapokea! Ile yangu ilikuwa kiburi kimevaa gauni la kanisani.

Asubuhi nikaenda kugonga kwake, nikamwambia mama jana nilijibu vibaya, kama kande zimebaki naomba. Akacheka akapasha. Tumekula na watoto zikaisha, na bakuli lake nimeshaliosha, kesho nalirudisha na mayai manne ndani, maana kwetu bakuli la mtu halirudi tupu.