Kupima mapigo ya moyo bila kumgusa mgonjwa

Nafanya kazi ya uuguzi wa magonjwa ya akili Uingereza, kwenye wodi yenye ulinzi mkali. Kinachonitia wasiwasi kuliko yote huko ni zile saa za kwanza baada ya mgonjwa kuchomwa sindano ya kumtuliza. Dawa hizo zinaweza kushusha presha na kupunguza kasi ya kupumua. Ndiyo maana mwongozo wa 2015 wa NICE, taasisi inayotoa miongozo ya matibabu huku, unataka mgonjwa apimwe angalau kila saa mpaka hatari ipite, na kila dakika 15 akionekana amelala au amelewa dawa.

Sasa mpime mtu aliyetengwa chumba cha peke yake, na ameapa kumpiga yeyote atakayeingia. Tulikuwa tunasimama dirishani na tochi, tunahesabu kifua kinavyopanda na kushuka chini ya blanketi. Kwenye nafasi ya mapigo ya moyo tuliandika "amekataa", basi.

Kisha tukafungiwa kamera. Moyo unapopiga, damu hubadilisha rangi ya ngozi kidogo sana. Jicho halioni, kamera inaona. Gizani hutumia mwanga wa infraredi, usioonekana kwa macho. Mgonjwa akitulia, tableti, yaani kompyuta ndogo ya mkononi iliyounganishwa na kamera, inanipa mapigo ya moyo na idadi ya pumzi kwa dakika. Akijigeuzageuza, haitoi kitu. Presha, joto na oksijeni haipimi kabisa.

Kazi ngumu kwangu ilikuwa kuzungumza na wagonjwa. Mmoja wao aliamini kwa miaka mingi kwamba polisi wanamchungulia kupitia kuta. Mtu kama huyo utamwambiaje kuhusu kamera ya darini? Nilisubiri siku aliyokuwa ametulia, nikakaa naye, nikamwonyesha tableti yenyewe. Aliuliza maswali ya maana kuliko niliyowahi kusikia mikutanoni: nani anaiona picha, inahifadhiwa wapi, inazimwaje. Nisilolijua nilikwenda kuuliza, nikamrudishia jibu. Mwishowe alikubali itumike baada ya sindano tu, na tukaliandika hilo kwenye mpango wake wa matibabu. Februari 2025 NHS England, shirika la huduma za afya za umma, ilitoa mwongozo unaosisitiza ridhaa ya mgonjwa. Nilifurahi mno, kwa sababu kuna sehemu kamera hizi ziliwashwa kwa kila mtu bila kuulizwa, na watu waliokwisha kuumizwa maishani wakapoteza usingizi.

Usiku mmoja, baada ya sindano, tableti ilionyesha mgonjwa huyo anapumua mara 10 kwa dakika. Kwa mtu mzima tunatarajia kati ya 12 na 20. Niliita wenzangu wawili tukaingia, nikamwita jina, akafumbua macho. Tukamlaza ubavu, nikamwekea kipimo cha oksijeni kidoleni, nikapima presha, daktari akaja. Safari hii alininyooshea mkono mwenyewe.

Ninachokipinga waziwazi ni wakubwa kupunguza wauguzi wa usiku kwa hoja kwamba kamera ipo. Tableti haikumwita jina wala haikumgeuza. Kwenye fomu naandika "kwa kamera" kando ya kila namba iliyotoka huko, halafu naandika saa niliyofika mlangoni, namna alivyolala, na kama amenijibu.