Dagaa bila mchanga: nilivyofanya mpaka wanunuzi wakaacha kubishana na bei yangu

Nianze na kitu kilichonikera mda mrefu. Ukisema tu unataka biashara inayojali watu na inayojali ziwa, wa kwanza kukushauri atakwambia tafuta mfadhili. Mimi nilishauriwa hivyo kwenye semina moja hapa hapa Mwanza, jamaa akasema andika proposo nzuri, weka picha za akina mama waliochoka, watu wa nje wataguswa. Nilikasirika sana. Akina mama ninaofanya nao kazi kule Igombe sio watu wa kupigwa picha wakaonewe huruma, wanamjua dagaa kuliko huyo mtoa semina. Walichokosa ni bei ya haki, na bei ya haki ilikuwa inaliwa na mchanga.

Kwa ambaye hajawahi kufika mwaloni, pale mitumbwi inapotia nanga, asubuhi kipindi cha giza nieleze kidogo. Dagaa wanavuliwa usiku usio na mbalamwezi, wavuvi wanawasha taa, zamani karabai, siku hizi nyingi za sola na betri, dagaa wanafuata mwanga wanazungushiwa nyavu. Mitumbwi ikirudi mzigo unanunuliwa kwa ndoo na unamwagwa ufukweni unaanikwa hapo hapo kwenye mchanga. Jua likiwaka vizuri jioni wamekauka, ila kuku wamepita juu, mbuzi wamepita juu, korongo wamekula wakashiba, na mvua ikishuka ghafla hakuna wa kuwaokoa. Mzigo ukiharibika hivyo unaishia kwa wasaga chakula cha kuku kwa bei ya kutupa. Hapo ndo roho inaniuma, maana minofu ya sangara inapanda ndege inaenda Ulaya, sawa, nchi inapata fedha za kigeni, lakini mtoto wa huku kijijini protini yake ni dagaa, kalsiamu yake ni dagaa maana analiwa na mifupa yote, halafu huyo dagaa ndo tunampeleka kwa kuku kwa sababu tu alianikwa chini.

Dawa yake ni chanja, yaani meza ya nguzo na wavu ya kuanikia dagaa juu ya ardhi, na chanja sijaivumbua mimi, wataalamu wa uvuvi wanaifundisha miaka mingi. Kinachokwamisha ni gharama, kwa mchoro niliopewa unatakiwa nguzo mpya na wavu mpya, mtaji unaishia hapo kabla hujanunua hata ndoo moja ya dagaa, na nguzo zenyewe zinakatwa kwenye vilima vyetu ambavyo vingine vimeshabaki mawe matupu. Sisi tukaenda kwa mafundi mitumbwi tukachukua mbao za mitumbwi iliyokufa, nyingine bure nyingine kwa hela ya soda, na juu tukaweka nyavu chakavu za dagaa, zile zinazotupwa ufukweni zinanasa ndege na miguu ya watoto. Zinafuliwa, zinaanikwa, zinashonwa mbili mbili, basi. Ila wavu ukilegea dagaa wanatelezea katikati wanalaliana, na hapo walipolaliana wanachemka na kuoza wakati pembeni wamekauka safi. Mama mmoja wa kundi letu ndo akaja na akili ya kupitisha kamba za manila chini kwa mshazari na kuzikaza kila asubuhi kama unavyokaza kitanda cha kamba, na mpaka leo hakuna chanja yetu inayolegea. Urefu uwe wa kiuno, mbuzi asifikie, na mama asiiname kutwa nzima. Mgongo wa mtu nao ni mtaji.

Sasa tukapata dagaa wazuri, weupe, wanang'aa, nikawapeleka soko la Mwaloni Kirumba, na bei ikawa ile ile ya wote! Nikimweleza mnunuzi habari za usafi na mazingira ananiangalia tu. Mmoja, mzee wa makamo anayenunua mzigo wa kupeleka Kongo, akanijibu, "Mwanangu, mimi nanunua uzito, sinunui hadithi." Nililala nalo hilo neno. Uzito. Kesho yake nikarudi na majagi mawili ya kioo, maji, kitambaa cheupe na sado ya dagaa wangu. Nikamwambia, "Shikamoo baba, leo sina hadithi, tupime huo uzito." Nikamwomba aniuzie sado moja kutoka kwenye gunia lake mwenyewe alilonunua asubuhi ile, nikamlipa hapo hapo asije akasema nimechagua wabaya. Wake jagi hili, wangu jagi lile, maji sawa sawa, nikakoroga kwa mwiko taratibu nikaacha yatulie. Makuli walishaanza kujaa, mmoja kaweka gunia chini kabisa anaangalia. Jagi langu likabaki na magamba kidogo yanaelea, jagi la mzee chini likajenga tabaka la mchanga, unauona kabisa kwa pembeni unavyopanda. Sikuongea neno. Nikatoa dagaa, nikachuja yale maji kwenye kitambaa, ule mchanga nikauanika juani mpaka ukakauka kisha nikauweka kwenye mzani wake yeye mwenyewe. Akatoa simu, akafungua kikokotoo, akazidisha kwa gunia moja, akazidisha kwa mzigo wote ulioko kwenye fuso, akanyamaza. Halafu akauliza, "Wako unauzaje?" Nikamtajia buku mbili juu kwa kilo, tukakubaliana buku na nusu. Siku ile alichukua kidogo wa kujaribia, na mpaka leo akiwa njiani anapiga simu kwanza, "Binti wa majagi, umeniwekea?"

Yale majagi nimezunguka nayo sana. Kwenye shule nikaona hakuna haja ya kumfata mkuu wa shule, nenda kwa mpishi, maana yeye ndo anayeosha dagaa maji matatu manne na maji yenyewe yamebebwa kwa ndoo. Mpishi akishaona anaosha mara moja tu, yeye mwenyewe ndo atakayekupigania kwenye zabuni.

Kwenye malipo sina mchezo. Kuna wavuvi, sio wote, wanamwambia mwanamke asiye na mtaji mzigo utaupata ila kwa masharti ya mwili, nyote mnayajua. Kwa hiyo sisi hela ya kununulia inatoka kwenye mfuko wa kundi, ipo mkononi mtumbwi unapofika, na wanaenda wawili wawili, hakuna anayesimama ufukweni kuomba. Waanikaji wanalipwa kwa kilo kavu, na mbichi kilo tatu nne hivi ndo zinatoa kavu moja, kwa hiyo wanapima wenyewe na kuandika kwenye daftari lao. Mvuvi akileta dagaa wachanga waliovuliwa kwa nyavu za macho yaliyokatazwa hatununui hata kama siku hiyo hakuna mzigo mwingine. Kuna siku tumerudi na ndoo tupu na nilijivunia kila mama aliyekuwa pale.

Kipindi cha masika mtu mwingine alinishauri nifunike chanja kwa nailoni pande zote, eti joto litakausha. Dagaa wakatokwa jasho humo ndani wakanuka, mzigo mzima ukaenda. Nailoni inafanya kazi ukiacha tundu chini na tundu juu hewa ipite, hilo mshauri hakulisema. Na usiku funika turubai, umande unarudisha unyevu wote.

Mambo ya BRELA, kusajili biashara, na TIN, namba ya mlipa kodi, mnayajua. Alama ya ubora ya TBS anzia SIDO, shirika la viwanda vidogo, upate barua ya utambulisho, mjasiriamali mdogo anabebwa. Mkopo wa halmashauri unaotokana na asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, ile 4 ya akina mama, 4 ya vijana na 2 ya watu wenye ulemavu, hauna riba, ombeni mkiwa kundi lenye kumbukumbu za kweli za mauzo, lile daftari la mizani ndo lilitusaidia sisi.

Wanaotaka kuanza na nyavu chakavu, msiokote kimya kimya. Muone kwanza mwenyekiti wa BMU, kikundi cha kulinda rasilimali za uvuvi, wa mwalo wenu ajue mnachukua za nini, maana ukikutwa na wavu haramu nyumbani, hata kama umetoboka, kujieleza ni kazi. Sisi tunazikata vipande vya urefu wa chanja pale pale ufukweni mbele yake ndo tunabeba.