Uchumi wa Kenya: je, hali ni mbaya kama tunavyosema?

Kila nikipanda matatu husikia kwamba nchi imekwisha, na kwa muda mrefu nimekuwa nikiitikia kwa kichwa bila kulipima neno hilo. Mfumuko wa bei, uliofika asilimia 9.6 Oktoba 2022, ulishuka hadi asilimia 2.7 Oktoba 2024, na dola iliyokaribia shilingi 160 mwanzoni mwa 2024 ilirudi takribani 130 mwaka huohuo. Hayo si madogo. Hata hivyo, bei kupanda polepole si bei kushuka: mama anayeniuzia sukuma wiki mtaani kwetu sasa hufunga fungu jembamba kwa shilingi 20 zilezile, huku karatasi yangu ya mshahara ikionyesha makato ya asilimia 1.5 ya nyumba na asilimia 2.75 ya bima ya afya. Siamini kwamba uchumi umekufa. Kinachonitia hofu hasa ni deni la taifa, kwa kuwa sehemu kubwa mno ya kodi yetu huishia kwenye riba kabla haijafika zahanati yenye uhaba wa dawa.